Udongo Ulaya na Jiwe la Mama: Historia Fupi ya Jiko Moja la Buseresere

Disemba iliyopita dada yangu mkubwa alinitumia kwa simu picha ya bamba la jiwe. Lilikuwa jeusi, limeng'arishwa hata likaonyesha kivuli cha mpiga picha, na ndani yake zilimetameta chembe za rangi ya fedha. Chini ya picha aliandika: "Mdogo wangu, hili nimelichagulia jiko la mama. Milioni moja na laki nane na nusu, bado usafiri kutoka Mwanza. Nusu yake ni yako."

Mimi ni mwalimu wa historia, na ugonjwa wa walimu wa historia ni kulijibu swali la fedha kwa mhadhara. Nilimwandikia dada kwamba mama yetu ana karibu miaka themanini, anapika chini, kwa mkaa na kuni, katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Kwamba chumba kiitwacho jiko ndani ya nyumba hiyo kimekuwa ghala la mahindi na baiskeli tangu nyumba ilipojengwa mwaka 1998. Na kwamba kumwekea kaunta ya graniti mtu wa namna hiyo ni kuwajengea wageni, si kumjengea mama. Kisha nikamwita Mwalimu Nyerere kuwa shahidi wangu.

Wasomaji wa ukurasa huu wanakifahamu kijitabu kile cha mwaka 1977, ambamo Mwalimu aliupima mwendo wa Azimio la Arusha baada ya miaka kumi. Pamoja na mambo mazito ya uchumi na uongozi, alitua kidogo kwenye nyumba. Alilalamika kwamba watu wetu wamelevywa na saruji na bati, kiasi kwamba mtu yuko tayari kungoja miaka katika kibanda kibovu kuliko kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae vya udongo wa kwao. Saruji ilikuwa na jina lake la mitaani, udongo ulaya, na jina hilo lilimsaidia kuisema hoja yake: tunaukanyaga udongo mzuri, tunasubiri udongo wa Ulaya. Hali hiyo aliiona kuwa ni aina ya kupooza kwa akili. Nilimwambia dada kwamba graniti ndiyo udongo ulaya wa zama zetu, tena kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ambao wamezaliwa juu ya miamba, aibu yake ni kubwa zaidi.

Jibu lake lilikuja kwa sauti, sekunde kumi na mbili tu. "Mwalimu Nyerere alikandika nyumba lini? Na wewe, mdogo wangu, ulikandika lini?"

Nimewahi kushindwa mijadala mbele ya maprofesa, lakini sijawahi kushindwa kwa ufupi namna hiyo. Nyumba ya udongo na nyasi haijengwi mara moja. Sakafu yake hukandikwa kila inapochimbika, ukuta hupakwa upya baada ya mvua, nyasi hukatwa, hubebwa kichwani, na baada ya miaka michache huoza na kudai nyasi nyingine. Wanaume walipanda juu kuezeka. Lakini maji ya kukandia, udongo, samadi ya ng'ombe na ule mzigo wa nyasi kutoka mbugani vilipita kwa sehemu kubwa mikononi na vichwani mwa wanawake na watoto wa kike. Bati lilipofika, liliondoa sehemu ya kazi hiyo na likaleta na maji ya mvua yasiyonuka moshi. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kweli kwa hesabu ya taifa, ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu. Katika hesabu ya mgongo wa mwanamke mmoja wa Usukumani ilikuwa na pengo. Hakuna mahali katika kijitabu kile panapouliza saruji inampunguzia nani kazi.

Basi niliacha kumhubiria dada, nikafunga safari. Nilivuka kwa daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na nikiwa juu yake nilimkumbuka bibi yangu, mzaa mama, aliyevuka maji hayohayo mwaka 1952 akitoka Kwimba, mtoto mmoja mgongoni na jiwe la kusagia kichwani. Mama alikuwa na miaka sita, anatembea kwa miguu yake. Wakati huo serikali ya kikoloni, chini ya mpango wake wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilikuwa ikifyeka mapori ya Geita kuwafukuza mbung'o na kuwahamishia huko watu kutoka wilaya zilizosongamana. Pamoja na ardhi mpya zilikuja sheria ndogo za kila aina: matuta ya namna hii, ng'ombe wapunguzwe kiasi hiki, ushuru ule. TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu 1954, na marufuku hiyo ilikuwa bado haijaondolewa vizuri pale watu wa Geita walipoinuka mwaka 1958 kulikataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilobandikwa. Historia ile tunaifundisha kama historia ya wanaume, machifu na ushirika. Nyuma yake kulikuwa na jiko, na katika jiko palikuwa na mawe manne: mafiga matatu na jiwe la kusagia.

Mafiga yaliokotwa popote. Jiwe la kusagia halikuokotwa popote. Lilitafutwa, likachaguliwa kwa ugumu na kwa chembe zake, likachongwa hadi likapata bonde, likapewa na mwanawe, yaani lile jiwe dogo la kushika kwa mikono miwili. Mwanamke alipiga magoti, akainama, akasukuma na kuvuta, kabla ya mapambazuko, mtama au uwele wa siku nzima. Uso wa jiwe ulipolainika haukusaga tena. Ukagongwagongwa kwa jiwe gumu zaidi ili ukwaruze upya, na unga wa siku hiyo ulikuwa na mchanga. Kwa hiyo kila ukoo ulikula jiwe lake kidogokidogo. Jiwe la bibi yangu, ambalo mama alirithishwa mwaka 1966 alipojifungua dada, limeliwa hata bonde lake linaweza kulaza mkono wa mtu mzima.

Nyumba ya kwanza ya bati katika ukoo wetu ilitokana na pamba. Miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani, moja ya miungano mikubwa ya ushirika wa Waafrika barani. Fedha ya pamba ikageuka baiskeli, ng'ombe na mabati. Babu aliezeka nyumba yake kwa bati. Jiko la bibi likabaki la nyasi, na bibi akabaki magotini. Sisemi hivyo kumshtaki babu. Nasema tu kwamba katika kila hatua ya "nyumba bora" niliyoisoma au kuiona, jiko limeboreshwa mwisho.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Mama alikwisha olewa upande huu wa Buseresere, anaishi na baba shambani, na mimi nilikuwa na miaka mitatu. Lori lilikuja asubuhi. Inasimuliwa nyumbani kwetu kwamba baba alipakia milango, mitungi na kuku, na mama akakaa chini juu ya jiwe lake akasema hapandi mpaka jiwe lipande. Kijana wa operesheni akamwambia kwamba kijijini kutakuwa na mashine ya kusaga, jiwe la nini? Mama hakubishana naye, aliendelea kukaa. Mwishowe wanaume wawili waliliinua wakalipakia. Mashine ilikuja kijijini, ndiyo, ila baada ya miaka kadhaa, na ilipokuja mara ilikuwa nzima bila dizeli, mara ilikuwa na dizeli bila mkanda. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Katika miaka ile ya uhaba, jiwe lililodharauliwa na kijana wa operesheni lililisha kaya tano.

Buseresere ya leo haifanani na kijiji kile cha nyumba zilizopangwa mstari. Imeungana na Katoro hata mgeni hajui alipovuka. Kwa miaka mingi mpaka wa mikoa ulipita hapo katikati: Katoro ilikuwa Geita, mkoani Mwanza, na sisi tulikuwa Biharamulo, mkoani Kagera, kisha Chato kuanzia mwaka 2005, hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 na kutuweka wote kapu moja. Kilichozijaza barabara hizi maduka, nyumba za wageni na bodaboda ni biashara na dhahabu. Wajerumani waliipata dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mgodi wa kikoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Lakini kwa watu wa kwetu dhahabu ya maishani ni ile ya wachimbaji wadogo, iliyoshika kasi miaka ya 1980 na 1990 kilimo cha pamba kilipolegea.

Jambo hili sijaliona likiandikwa vya kutosha: uchimbaji mdogo ulijengwa kwa vyombo vya jikoni. Kabla karasha hazijaenea, mbale, yaani mawe yenye dhahabu, yalitwangwa katika kinu cha chuma kwa mchi wa chuma. Unga wake ulichekechwa. Ulioshwa katika karai na beseni. Zebaki ilikandwa humo kwa mkono, kama mtu akandavyo unga, na donge lililopatikana likachomwa juu ya jiko la mkaa, mara nyingi jiko lilelile la ugali, uani au ndani kabisa ya nyumba, kwa kuwa dhahabu haichomwi hadharani penye macho ya watu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na soko la madini la Geita limekuwapo tangu 2019, lakini mtu aliyewahi kulala katika nyumba za maeneo haya anajua kwamba mpaka kati ya jiko na mwalo haujawahi kuwa imara. Na wanaoketi mchana kutwa wakigonga mawe kwa nyundo, mmoja mtoto kamlaza kwenye kanga pembeni, ni wanawake. Mikono iliyosaga mtama ilihamia kwenye mbale bila kufundishwa upya.

Kaka yangu, aliyefuatana na dada kwa kuzaliwa, alishuka kwenye maduara tangu 1991. Alikuwa anaponda na kupiga mwamba chini huko, bila maji, bila kitambaa cha maana puani. Alirudi na fedha mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili alimnunulia mama bati. Mwaka 2005 alianza kukohoa. Alitibiwa kifua kikuu mara tatu. Alikufa mwaka 2009, akiwa na miaka arobaini na moja, na hadi leo sijui ni kifua kikuu kilichomwua, au ni vumbi, au ni vyote viwili, maana vumbi la mwamba hulifungulia mlango kifua kikuu. Naandika haya kwa sababu yalirudi kwangu mahali ambapo sikuyatarajia.

Mahali hapo ni Mwanza, penye karakana moja ambayo dada alichagulia lile jiwe. Nilipitia huko kwanza, nikijiambia nakwenda kupunguza bei. Nje yalisimama mabamba yamepangwa kama vitabu: ya kijani, ya kijivu, meusi. Mwenye karakana, mtu mkarimu na mwerevu, alinieleza biashara yake bila kificho. Mengi hutoka China na India, hufika bandari ya Dar es Salaam ndani ya makontena, hupanda lori hadi Mwanza. Bamba la unene wa sentimita mbili lina uzito wa zaidi ya kilo hamsini kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo gharama kubwa ni kulibeba. Hili jeusi alilolipenda dada, kwa hakika, wataalamu wa miamba hawaliiti graniti. Ni jamaa wa mwamba mwingine wa moto, ila sokoni kila jiwe gumu linalong'aa ni graniti. Kiswahili sanifu kina neno lake la graniti, itale, wingi matale, na nililitamka pale kwa fahari ya kitaaluma. Hakuna aliyenielewa.

Nilisimama na kutazama ng'ambo ya barabara. Mwanza yote imekaa juu ya matale. Nyumba zimening'inia kwenye miamba, watoto wanateleza juu yake, na lile Jiwe la Bismarck ziwani ndilo nembo ya jiji. Miamba ya kale ya eneo hili ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Na mimi nipo pale napatana bei ya jiwe lililovuka Bahari ya Hindi. Mwaka 2017, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alipozuia usafirishaji wa makinikia na taifa zima likayatazama kwenye runinga yale makontena 277 yaliyokwama bandarini, tuligombana juu ya kiasi cha dhahabu kilichomo. Ugomvi ule ulikuwa wa haki, na uliishia kwenye makubaliano na kampuni ya pamoja ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16. Makinikia yale yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, kwa jirani zetu wa Kahama. Lakini hatukugombana kamwe juu ya makontena yanayorudi. Mwamba wetu ulitoka umesagwa. Mwamba wa wengine unaingia umeng'arishwa. Hapo nilijisikia nimemrudishia Mwalimu haki yake, na nilikuwa nimeshaanza kutunga ujumbe wa ushindi kwa dada.

Ndipo nilipomwona kijana aliyekuwa akilikata. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya karakana, grenda mkononi, fulana imefungwa usoni. Diski ilipogusa jiwe lilipaa wingu jeupe, likamfunika, likatulia juu ya nyusi zake. Alipopumzika alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha juujuu, akacheka na mwenzake. Nilimuuliza kwa nini hatumii maji. "Mzee, maji na umeme wa grenda ya mkononi? Nitakufa leo." Alikuwa sahihi. Mashine za kukata kwa maji zipo, na ni ghali. Grenda ya mkononi ya umeme haikuundwa kwa kumwagiwa maji. Alichagua kifo cha mbali badala ya cha karibu, kama kaka yangu.

Graniti huwa na silika kiasi cha theluthi moja, pengine zaidi au pungufu. Yale mabamba ya kutengenezwa kiwandani kwa chenga za kwazi na gundi, ambayo nayo yameanza kuonekana katika majiko ya matajiri wetu, hupita asilimia tisini. Vumbi hilo likizoea mapafu huyafanya makovu yasiyotibika, ugonjwa uitwao silikosisi. Australia, baada ya vijana wake wakataji kuugua kwa wingi, ilipiga marufuku mawe hayo ya kutengenezwa kuanzia Julai 1, 2024. Afrika Kusini, mwaka 2019, mahakama iliidhinisha fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wachimba dhahabu waliopatwa na maradhi ya vumbi, baada ya miaka mingi ya kesi. Vumbi la kaunta na vumbi la duara ni moja. Tofauti ni kwamba jikoni linafika limeshaoshwa.

Sikumwandikia dada ujumbe wa ushindi. Nilimpigia simu nikamsimulia nilichokiona, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Kisha akasema, "Kwa hiyo apike chini mpaka afe?"

Swali hilo lilikuwa halali, na mhadhara wangu wote haukuwa na jibu lake. Magoti ya mama yamekwisha. Kuinuka kutoka kwenye kigoda kunamchukua muda, anashika ukuta, na moshi umemwachia macho mekundu. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo. Ila mtungi wa gesi na jiko lake la plati mbili vinahitaji mahali pa kukaa, pasipoungua, pafutikapo, kwa kimo cha mtu. Mtu akipewa mtungi na kuachwa na sakafu ya udongo, atautia mtungi stoo, pamoja na baiskeli. Kwa maana hiyo kaunta si anasa. Dada aliliona jambo hilo kabla yangu, japo yeye alilisema kwa picha ya jiwe jeusi na mimi nikaona ubishoo tu.

Na ubishoo nao umo, tusidanganyane. Mjukuu ataolewa Agosti, wageni watakuja kutoka Kahama na Dar es Salaam, na dada ana duka la vitenge Katoro na jina la kulinda. Watu wa pwani walijua zamani, Kilwa na Unguja, kwamba nyumba ya mawe ni hoja katika mazungumzo ya nani ni nani. Sisi wa bara tuliisema hoja hiyo kwa ng'ombe, kisha kwa bati, saruji, vigae vya sakafuni na dari za jipsamu. Simlaumu mtu kutaka kusemwa vizuri na nyumba yake.

Nilifika Buseresere jioni. Mama alikuwa amekaa kibandani, anasaga karanga za kupikia nsansa. Bado analitumia jiwe. Mashine ya kusaga haipokei kibaba kimoja cha karanga, wala ulezi wa uji wa mgonjwa mmoja. Nilipomwamkia aliitikia, akanipa kigoda, akaendelea. Nilimweleza yote: bamba, bei, China, kijana wa grenda. Jina la kaka sikulitaja, lakini aliposikia habari ya kikohozi mikono yake ilisimama.

"Mwanangu alininunulia bati," alisema, kisha akaendelea kusaga. Baada ya muda aliuliza, "Baba, na jiwe langu mtaliweka wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria.

Tuliyoyaamua hayaridhishi kila upande. Tutamjengea kaunta ya zege, juu yake terazo. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka terazo: sakafu za hospitali za wilaya, za shule, za ofisi za serikali zilizojengwa miaka ya mwanzo ya uhuru, chenga za mawe ndani ya saruji, zilizosuguliwa hadi zikawa laini na ambazo mpaka leo zinapigwa deki zikiwa zima. Husuguliwa kwa maji, si kavu, na vumbi lake huondoka kama tope. Geita kuna fundi mzee anayeijua kazi hiyo, na vijana wawili wanajifunza kwake. Dada alisema terazo inanuka hospitali. Amekubali kwa sharti kwamba chenga ziwe nyeusi.

Chenga zenyewe zilituletea mjadala mwingine. Jirani alituambia tuchukue kifusi cha bure kwenye karasha, kina rangi nzuri. Tulikataa, kwa sababu ya zebaki. Tutanunua Mwanza. Huko kokoto nyingi hugongwa kwa nyundo na wanawake waliokaa kando ya barabara, wamefunika vichwa kwa kanga zilizogeuka nyeupe. Kwa hiyo vumbi tumelipunguza na kulisogeza, hatujaliondoa. Nilimwambia dada hivyo, akaniuliza kama kuna chochote ndani ya nyumba yangu ya chuo ambacho hakina mtu wa namna hiyo nyuma yake. Nilitazama kuta nikabadilisha mazungumzo.

Kaunta itakuwa na vimo viwili. Upande wa dirisha, kimo cha mtu aliyesimama, kwa gesi, sinki na wajukuu. Upande wa mlango, kimo cha chini, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, magoti yakipita chini yake. Kimo hicho alikipima mama mwenyewe: aliketi, akanyoosha mikono kana kwamba ameshika lile jiwe dogo, na dada akaweka alama ukutani kwa mkaa. Hapo ndipo jiwe la bibi litakapokaa, kwa mara ya kwanza tangu lichongwe likiwa juu ya sakafu. Nilimweleza fundi kwa simu, mama akisikiliza, kwamba tunataka uso wote usuguliwe hadi ung'ae kama kioo.

"Mwambie upande wangu asiung'arishe," mama alisema. "Jiwe litateleza."